Betri Iliyojifunza Uongo kwa Mshereheshaji

Usiku wa jana Mbaruku Shekigenda aliota ndoto, na ukimwona leo anavyotembea kaufumba mdomo utadhani kaamkia msibani. Kanihadithia mwenyewe, tena kwa kunong'ona, nami nawapeni kama nilivyopewa. Atakayecheka na acheke, lakini asinikatize. Mimi nikikatizwa huwa naanza upya, na hakuna anayelipenda hilo.

Kwanza mumjue mtu mwenyewe. Mbaruku ndiye mshereheshaji wa harusi hapa Korogwe. Sisemi ni mmoja wao, nasema ndiye. Kama umeoa au umeolewa mji huu na hukumsikia akisema "naomba makofi hayo yasikike mpaka Mombo," basi rudia, ndoa yako ina kasoro. Kazi yake anaifanya na laptopu moja ya zamani, nzito kama tofali la kuchoma. Ndiyo inayopiga nyimbo za kumwingiza bibi harusi, za kukata keki, na za kuwafukuza watu ukumbini kistaarabu.

Laptopu yenyewe nzima. Mgonjwa ni betri. Ukichomoa waya inakwambia ina chaji tele, asilimia themanini na ushee, ondoa wasiwasi, halafu inazima bila hata kuaga. Mwezi uliopita umeme ulikatika ukumbini, na betri ikafanya mambo yake wakati bibi harusi wa watu yuko katikati ya ukumbi, kwenye zile hatua zao za madaha, mguu mmoja chini na mmoja hewani. Wimbo ukafa. Binti wa watu akabaki na mguu wake juu, hajui aushushe au angoje wimbo urudi. Aibu ile ilizunguka mji wote.

Lakini aibu siyo iliyomuuma Mbaruku. Jumamosi hii anaolewa binti yake mwenyewe, Sauda, kitinda mimba wake. Na Sauda alimfuata baba yake uani, akapiga goti, akamwambia kwa heshima zote, "Baba, Jumamosi wewe ukae. Tumeshatafuta emsii mwingine."

Neno lile lilimkaa Mbaruku kooni kama mwiba wa samaki. Aliona wazi kwamba laptopu ndiyo iliyomponza, kwamba mtoto wake wa kumzaa anamwonea haya na anamweka kando kama kifaa kilichokwisha. Akaapa kuwa kabla ya Jumamosi betri ile itafufuka, na Sauda atamletea kipaza sauti kwa mikono yake miwili.

Fundi Chambo wa stendi aliipima akamwambia, "Mzee, hii imechoka. Haifufuliwi, inabadilishwa." Mbaruku akamwona fundi hana imani. Akaenda kuwasikiliza majirani, ambao kama mjuavyo wanajua kila kitu isipokuwa kazi zao. Mmoja akamhakikishia kwamba betri hufufuliwa kwa baridi: ifunge kwenye nailoni, itie kwenye friza, ilale humo, asubuhi itaamka kijana. Friza ipo, ya Mama Sauda, anayogandishia barafu za ubuyu za kuwauzia watoto wa shule. Mbaruku akaifunga betri vizuri kama anafunga andazi la safari, akaipenyeza katikati ya barafu, na hakumwambia mtu. Akaenda kulala.

Basi ndotoni yuko jikoni, mchana kweupe, anafungua friza aitoe betri yake. Barafu za ubuyu zimekaa kwa mistari, nyekundu tupu, zimetazama mbele kama wageni waalikwa. Betri haipo.

"Kadi," inasema barafu ya mstari wa mbele.

"Kadi ya nini?"

"Ya kuingilia. Humu mna shughuli."

"Mimi ndiye emsii," anasema Mbaruku.

Barafu zinatazamana. Ile ya mbele inamkagua toka utosini mpaka kwenye kandambili. "Emsii kaingia zamani," inasema, lakini inajisogeza kumpisha, kwa sababu hata ndotoni Mbaruku ni mtu wa watu. Anainua kanzu, anavuka ukingo, anaingia frizani. Ndani ni pakubwa kuliko alivyozoea.

Ni ukumbi. Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, feni zinapuliza baridi kwa bidii, na harufu ni ya ubuyu na samaki vibua wa wiki iliyopita. Kwenye meza kuu amekaa Betri. Kavaa sweta. Tumbo limemvimba kidogo, na mkononi kashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," anasema Betri, "tumechelewa kidogo tu. Msafara umeshavuka daraja. Bibi harusi yuko hapo nje, anashuka kwenye gari. Naomba makofi hayo yasikike mpaka Mombo."

Mbaruku anaitambua sauti ile. Ni ya kwake. Hata kile kikohozi kidogo cha kuvuta muda ni cha kwake. Anachungulia nje ya mlango wa ukumbi na haoni gari, haoni daraja, anaona mkia wa kibua tu. Anarudi kumnong'oneza Betri sikioni.

"Hakuna msafara."

"Najua," anasema Betri.

"Sasa mbona unawadanganya watu?"

"Kudanganya ni neno kali, bwana mkubwa. Mimi naita kuwatuliza. Hata hilo nimelipata kwako." Betri anafunika kipaza sauti kwa kiganja, kama wanavyofanya wazoefu. "Nimekaa tumboni mwa laptopu yako miaka yote hii, na kila harusi nakusikia. Bibi harusi yuko saluni bado, kichwa kimeingizwa kwenye mashine ya kukaushia nywele, wewe unasema anashuka kwenye gari. Pilau imebaki ukoko, wewe unasema chakula kipo, hata mlinzi atashiba. Nikasema kumbe kazi ndivyo inavyofanywa. Basi na wewe ukinitazama kujua nimebakiwa na nini, nakutuliza. Themanini, nasema. Themanini na ushee."

Mbaruku akibanwa huwa anapiga makofi, na sasa anapiga. Barafu za ubuyu zinampokea.

Nyuma ya Betri kasimama mwanamke mwembamba, mweusi, mkia mrefu, kamkumbatia Betri kiunoni na dalili ya kumwachia haipo. Betri anamtambulisha bila furaha. Ni Bi Chaja, mkewe.

"Tangu uninunue hajaniachia," anasema Betri. "Nimeshiba, ananilisha. Nimelala, ananilisha. Nikitaka kutoka barazani nipunge upepo, ananivuta kwa ndani. Tumbo hili unaloliona si la raha."

"Mwanamume akitoka ana njaa watu watasema nini?" anauliza Bi Chaja.

Hapa Mbaruku anajiona kafika nyumbani, maana kusuluhisha wanandoa mbele za watu ndiyo riziki yake. Anajikohoza. "Ndugu zangu," anaanza, "ndoa ni kuvumiliana, ndoa ni..."

"Nyamaza," wanamwambia wote wawili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wanaonekana kupatana.

Anaponyamaza, ukumbi haupo. Yuko kwenye benchi, kwenye veranda ya zahanati, na kibao cha mlangoni kimeandikwa Zahanati ya Betri Wazee. Hakuna aliyeshangaa, naye akaona si adabu kushangaa peke yake. Kushoto kwake kakaa Betri na sweta lake. Kulia wamekaa wagonjwa wengine, betri za tochi zenye kutu utosini, na betri ya redio iliyozeeka, ina alama za meno ubavuni.

"Pole," anasema Mbaruku. "Umeng'atwa na nini?"

"Na babu mmoja wa Lushoto," inasema betri ya redio bila kinyongo. "Alitaka kusikia taarifa ya habari. Kwanza akanianika juani juu ya bati, pamoja na mihogo. Nilipokataa akaning'ata. Nikampa vichwa vya habari, basi."

"Mimi nimewekwa frizani," anasema Betri.

Benchi zima linageuka kumtazama Mbaruku. Ile ya redio inajisogeza kidogo mbali naye.

Mlango unafunguka, anatoka nesi. Ndiye Bi Testa, kile kipimo cha umeme cha mafundi, ila leo kavaa gauni jeupe. Mkono mmoja mwekundu, mkono mmoja mweusi, na uso wake ni kioo cha namba. Anamgusa Betri huku na huku.

"Unajisikiaje, baba?"

"Themanini," anasema Betri.

Uso wa Bi Testa unaandika nne.

"Themanini na ushee," anasema Betri.

Uso unaandika tatu. "Ukitia chumvi unashuka," anasema Bi Testa. "Anayefuata."

"Mimi si mgonjwa," anasema Mbaruku. "Mimi ni mwenye betri."

"Sijauliza nani wa nani." Keshamgusa tayari, mkono mwekundu kwenye sikio na mweusi kwenye kidole gumba cha mguu. Ni baridi. "Unajisikiaje?"

"Nipo imara kabisa. Jumamosi nasimama ukumbini mpaka watu wachoke wao. Na kuhusu huyo emsii mwingine, wala sijakasirika."

Uso unaandika mbili, kisha mbili inaanza kupepesa. Bi Testa analigeukia benchi. "Huyu kazidiwa kuliko mgonjwa wake."

"Pole," linasema benchi.

"Dawa yenu ni moja," anasema Bi Testa. "Mnashushwa mpaka sifuri, kisha mnajazwa taratibu bila kukatizwa, mpaka namba zenu zikae sawa na matumbo yenu."

"Na baada ya hapo betri yangu itakuwa kijana?" anauliza Mbaruku. Ndiyo shida iliyomleta, na hajaisahau.

"Nani kakudanganya? Fundi alikwambia kweli. Mimi sirudishii watu ujana hapa. Naondoa uongo tu, ujana uende zake."

Mbaruku anataka kuondoka. Jumamosi inakuja, na yeye hakuja kuondolewa uongo, kaja kutafuta betri. Lakini veranda haina ngazi tena. Ina jukwaa, na yuko juu yake, kipaza sauti kiko mkononi, na mbele yake wamekaa vitufe vyote vya laptopu yake, kila herufi kwenye kiti chake. Kiti cha herufi N kiko wazi, maana aling'oka zamani na familia bado inaliongelea.

"Sema mpaka uishiwe," anaagiza Bi Testa. "Kazi yako si ndiyo hiyo?"

Kumwambia Mbaruku aseme ni kumwambia bata aogelee. Anavuta pumzi. "Mabibi na mabwana, msafara umeshavuka daraja."

Na msafara unaingia. Gari la kwanza lina maua mbele na mpiga picha kachomoza juu ya paa. La pili, la tatu, kisha haielezeki, maana ni misafara yote aliyowahi kuisema kabla haijatoka nyumbani. Imevuka daraja kama alivyoagiza, na tangu siku hizo inazunguka ikitafuta ukumbi. Matarumbeta yanapigwa na watu walioota mvi humo humo garini.

"Bibi harusi ameshafika," anasema Mbaruku, kwa sababu mdomo ukishaanza haujui breki.

Wanashuka mabibi harusi. Ukumbi unajaa shela. Mmoja anapanda jukwaani taratibu, kavaa miwani ya kusomea juu ya shela lake, anamsogelea.

"Ulisema nimeshafika," anamwambia. "Basi nikafika, siku ile ile. Nimesimama mlangoni tangu wakati huo. Yule aliyekuja baadaye kutoka saluni akaolewa, mimi simjui."

"Hajambo," anasema Mbaruku. "Namwona sokoni. Ana wajukuu."

"Mume anamtunza?"

"Anamtunza."

"Basi mfikishie salamu," anasema bibi harusi, na anatafuta kiti.

Mbaruku anaendelea. Anasema chakula kipo cha kutosha, na pilau inaingia yenyewe, sufuria baada ya sufuria, mpaka mlinzi anakula, anafungua mkanda, anaomba radhi. Anasema kamati ya harusi imeshirikiana kama ndugu, na kamati zote zinaingia zimeshikana mikono, zinaonekana hazikuzoea. Kila neno linalomtoka linapata miguu na kwenda kukaa. Naye anahisi mwili unakuwa mwepesi. Kanzu inampwaya. Sauti inapungua, ile sauti nene ya kufika Mombo sasa haifiki hata Manundu hapa hapa mjini, kisha haifiki mlangoni.

Chini, kwenye benchi, Betri naye kasema themanini zake zote mpaka zimekwisha. Kalegea, kaegemea ukuta. "Nimefika sifuri, bwana mkubwa," anasema. "Kumetulia huku. Njoo."

"Nimekwisha na mimi," anasema Mbaruku.

Bi Testa anamgusa. Uso unaandika moja. "Bado lipo neno moja."

"Sina neno."

Moja inabaki pale pale. Umati unajigawa katikati, na Mbaruku anamwona Sauda. Kavaa shela, yuko katikati ya ukumbi, mguu mmoja chini na mmoja hewani. Mguu unamtetemeka.

"Baba," anasema Sauda, "niushushe?"

"Ushushe, mwanangu, utaumia."

"Siwezi mpaka umalize."

Mbaruku anatafuta maneno. Anatafuta "bibi harusi wetu amependeza kama malaika," lile liko kwenye kiti cha nyuma, linakula pilau. Anatafuta "baba mzazi ana furaha isiyo kifani," nalo limeshaingia kwenye gari. Hakubakiwa na hata moja la kazini. Mguu wa Sauda unatetemeka zaidi, na baba hawezi kuona vile akanyamaza. Basi lililobaki likamtoka lenyewe.

"Naogopa kukaa."

Vitufe vinainamisha vichwa.

"Nikishika kipaza sauti nawaambia watu wapige makofi, na watu wakipiga makofi hakuna anayemtazama emsii usoni," anasema Mbaruku. "Lakini kile kiti cha baba nakijua. Nimewaona wanaume waliokikalia, wababe kabisa, wauza ng'ombe, wanatazama binti anapita na mdomo unawacheza. Mimi nawatangaza kuwa wana furaha. Ile si furaha tupu, mwanangu. Nakupenda mno, na sitaki kukaa pale nikuone unaondoka."

"Haya," anasema Sauda, na anaushusha mguu.

Uso wa Bi Testa unaandika sifuri. Misafara inazima taa. Wageni wanaondoka bila kuagwa, na Mbaruku anajikuta kwenye benchi tena, bega kwa bega na Betri, wote wawili watupu kama vibuyu. Anasema hajawahi kukaa raha vile.

"Sasa sikiliza," anasema Betri. "Usinifufue."

"Jumamosi je?"

"Nunua mwingine, umtie pale nilipokuwa. Mimi kubadilishwa sioni tusi. Tusi ni kunisimamisha mbele za watu niseme themanini wakati miguu inanitetemeka. Nipe mahali pa kukaa tu. Hata kwa Fundi Chambo, kwenye lile boksi lake la betri zilizostaafu. Nasikia wanacheza bao."

Mbaruku hakupinga. Bi Chaja amekwishafika kwake, anamfunga mkia kiunoni, anamuuliza kama amekula. Joto linaanza kumpanda kutoka kwenye magoti. Bi Testa anamwamuru afunue mdomo, anamulika chini ya ulimi, anaguna.

"Kidude chako kiko wapi?"

"Kidude gani?"

"Cha kulia. Kila betri ya maana ina kidude kinacholia kabla mambo hayajaharibika. Hapa pana tundu tu." Anapekua mfukoni mwa gauni, anatoa kitu kidogo kuliko punje ya mtama, anakipachika. "Kikilia usikigombeze. Usikitafune."

Betri amesimama. Anavuta sweta lake vizuri, anashika kipaza sauti kwa mara ya mwisho, na safari hii hakukohoa.

"Mabibi na mabwana," anasema, "nimekwisha."

Hakuomba makofi. Watu wakapiga.

Mbaruku alifumbua macho, jua limejaa dirishani. Mama Sauda kasimama kando ya kitanda, mkono mmoja kiunoni, na mkono wa pili kashika kifurushi cha nailoni kwa ncha za vidole, kinadondosha maji mekundu ya ubuyu sakafuni.

"Baba Sauda, hiki ni nini kwenye barafu zangu?"

"Sijui," alisema Mbaruku.

Pip.

Mama Sauda akatazama dari. Akatazama chini ya kitanda. "Simu yako inaisha chaji," akasema.

Mbaruku akakaa kitandani polepole. Akapitisha ulimi chini, huku na huku, hakugusa kitu. "Nimeambiwa na mafundi wakubwa niiweke humo," akajaribu.

Pip.

"Nimeambiwa na jirani," akasema Mbaruku. Kimya. "Nimeiweka mimi, sikukwambia kwa sababu ungenikataza. Haifufuki. Leo naipeleka kwa Fundi Chambo nikabadilishe." Kimya kabisa. Mama Sauda akamtazama mumewe kwa muda, akamgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja, akaona hana homa, akaenda jikoni na mashaka yake.

Mbaruku akachukua simu. Ilikuwa imejaa chaji. Akampigia Sauda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Sauda, hiyo Jumamosi. Nitakaa."

Akangoja. Kidude hakikulia. Kule upande wa pili akasema Sauda:

"Nilijua umeudhika, baba. Nikaogopa kukueleza. Harusi zote ulizotupeleka, mimi na Mama tulikaa peke yetu, wewe ulikuwa sauti kwenye spika. Si laptopu baba, hata ingekuwa mpya. Siku yangu mimi, nikigeuka, nataka nikuone umekaa."

Mbaruku ananiambia alilazimika kukiondoa kinywa kwenye simu. Alipokirudisha alitafuta neno la mzaha, maana mtu haachi kazi siku moja.

"Utaniona, mama. Nimevaa suti, nimekaa kama gogo. Wala usifikiri nitalia. Mimi kulia mbele ya watu wa Korogwe, thubutu."

Pip.

"Baba," akasema Sauda. "Ni nini hicho kinacholia?"

Mbaruku akafuta macho kwa shuka.

"Ni mimi," akasema, na hakikulia tena.